Gia ya taimingi imekatika meno: je, ni lazima kemshafti itolewe?

*"Mtaalamu, shikamoo. Nina pikapu ya Land Cruiser ya mwaka 1979, injini ya petroli ya 2F, niliyoachiwa na marehemu baba. Mwezi uliopita ilizima ghafla nikitoka Kondoa kurudi Dodoma, na tangu hapo haijawaka tena. Fundi wa kwanza alibadilisha koili, platini na plagi bila mafanikio. Wa pili aliona kwamba rota ya distributa haizunguki tunapopiga stata, akafungua kifuniko cha mbele na kukuta gia kubwa ya taimingi imekatika meno, na vipande vya kahawia kama vya mbao vimejaa chini. Anasema ataivunja kwa tindo, ataipasha mpya kwa moto wa gesi na kuigongea hapohapo, na jioni naondoka na gari. Mwingine ananiambia injini yote lazima ishushwe. Wa tatu anashauri tuachane na gia, tufunge cheni kama ya magari mengine. Nimsikilize nani? Je, naweza kununua gia kubwa peke yake? Na injini itakuwa imeharibika ndani?"*

Marahaba, na pole kwa kukwama njiani. Nimeelewa kwamba kinachokusumbua si gia yenyewe bali mashauri matatu yanayopingana, kila moja likiwa na gharama yake. Kwa kifupi, fundi wako wa pili ameutambua ugonjwa vizuri sana, lakini dawa anayotaka kuutibia itakuletea ugonjwa mwingine. Injini haihitaji kushushwa, ila kemshafti, yaani shafti inayofungua valvu, ni lazima itoke. Cheni uisahau kabisa, kwa sababu nitakayoieleza hapa chini.

Tuanze na kazi ya gia hizo mbili. Katika injini yako, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 4,230, krenkishafti (krenki), yaani shafti inayozungushwa na pistoni, imebeba gia ndogo ya chuma mbele yake, na gia hiyo inaizungusha gia kubwa iliyobanwa kwenye ncha ya kemshafti. Gia kubwa ina meno mara mbili ya ile ndogo, kwa hiyo krenki ikizunguka mara mbili kemshafti huzunguka mara moja, na katika mzunguko huo mmoja kila valvu kati ya zile kumi na mbili hufunguka na kufunga mara moja. Kemshafti hiyohiyo ndiyo inayozungusha distributa, inayosukuma pampu ya petroli iliyo ubavuni mwa injini, na inayoendesha pampu ya oili kupitia shafti ya distributa. Meno yalipokatika, vyote hivyo vilisimama kwa pamoja. Ndiyo maana koili, platini na plagi mpya hazikusaidia, na ndiyo maana kuitazama rota ni kipimo bora kuliko vyote: kazi ya dakika mbili, bisibisi moja, na jibu limepatikana.

Hapo pia pana onyo ambalo watu wengi hawapewi. Kwa kuwa pampu ya oili nayo imesimama, kila mara mnapopiga stata mnaizungusha krenki ndani ya beringi zisizopata oili. Kwa hiyo toa waya wa betri leo, na mtu yeyote asijaribu tena "kusikiliza" injini hadi kazi itakapokamilika.

Sasa nije kwenye tindo na nyundo. Gia kubwa haijafungwa kwa bolti. Imeingizwa kwenye shafti kwa kubanwa, ikishikiliwa isiteleze na kii ndogo, yaani kipande cha chuma kinachokaa kwenye mfereji. Kuivunja gia ya zamani kwa tindo kunawezekana, japo tindo ikiteleza hukwaruza shafti. Hatari kubwa iko kwenye kuigongea mpya. Nyuma ya kemshafti, upande wa flaiwili, tundu la bloku limezibwa kwa kizibo chembamba cha bati kilichopachikwa kwa kubana. Ukigonga gia kutoka mbele wakati shafti iko ndani, kila pigo linaisukuma shafti nyuma, nayo inakisukuma kizibo hicho. Kikitoka au kikilegea kidogo tu, oili itaanza kuvuja ndani ya nyumba ya klachi, na kukirudisha mahali pake kunahitaji kushusha gia boksi, klachi na flaiwili. Yaani jioni utaondoka na gari kweli, kisha baada ya wiki mbili klachi itaanza kuteleza kwa sababu imelowa oili, na hakuna atakayekumbuka kwamba chanzo kilikuwa nyundo.

Moto wa gesi una tatizo lake. Vipande vya kahawia ulivyoviona vinaonyesha kwamba gia iliyokatika, iwe ya kiwandani au iliyowekwa baadaye, imeundwa kwa kitovu cha chuma kilichozungukwa na nyuzi zilizoshikamanishwa kwa gundi ngumu. Wahandisi wa zamani waliipenda gia ya namna hii kwa sababu chuma kikisaga nyuzi hakipigi kelele. Lakini gundi hiyo haivumilii moto wa wazi. Ukiipasha kwa gesi unaiunguza kabla haijafanya kazi hata siku moja. Gia ya chuma kitupu inaweza kupashwa, tena taratibu na kwa joto linaloenea sawasawa, kama vile kuitumbukiza kwenye oili ya moto. Ile ya nyuzi huingizwa kwa presi tu, yaani mashine ya kukandamiza, na presi iegemee kitovu cha chuma, isiguse kabisa ukingo wenye meno.

Kuhusu cheni, naelewa kwa nini wazo hilo linavutia, maana magari mengi yana cheni na yanadumu. Ila fikiria mwelekeo wa mzunguko. Gia mbili zinazosagana huzunguka kwa kupingana: moja ikienda kulia, nyingine huenda kushoto. Cheni huzizungusha zote mbili upande mmoja. Ukifunga cheni kwenye injini hii, kemshafti itazunguka kinyumenyume, valvu zitafunguka kwa mpangilio uliogeuka, distributa itazunguka kinyume cha mpangilio wa moto, na pampu ya oili nayo itageuka badala ya kusukuma oili kwenye beringi. Hapo sijataja kwamba kifuniko cha mbele hakina nafasi ya cheni wala kikaza cheni. Anayekushauri hivyo huenda amefanya kazi nyingi kwenye Land Rover za zamani, ambazo injini zake zilibuniwa na cheni tangu mwanzo.

Anayetaka kushusha injini hajakosea sana, kwani njia yake ni salama, ila ni ndefu kuliko inavyohitajika. Kemshafti hutoka kwa kuvutwa mbele, na shafti ya silinda sita ni ndefu, hivyo rejeta na grili lazima vipishe njia. Vikishatoka, nafasi inapatikana. Mimi ningeshusha injini endapo tu sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, ikifunguliwa tungekuta beringi za krenki zimekwaruzika, maana hapo kazi imekuwa nyingine kabisa.

Swali lako la kununua gia kubwa peke yake nalijibu hivi: inawezekana, lakini sikushauri. Meno ya gia hizi yamekatwa kwa mshazari, na gia ndogo iliyofanya kazi miaka zaidi ya arobaini imechakaa kwa umbo la mwenzake aliyekufa. Ukiipa mwenza mpya, wataanza kulana. Nunua jozi. Wauza spea wa Dodoma wakikosa, wengi huagiza Gerezani, Dar es Salaam. Usikubali kuletewa kwa maelezo ya simu tu. Mpe muuzaji kipimo cha tundu la kitovu, unene wa gia na idadi ya meno, na ikiwezekana umtumie picha ya gia ya zamani ikiwa imelazwa kando ya rula. Kama unapewa ya nyuzi iliyokaa rafuni miaka mingi, igeuze juani na uitazame kwa makini mahali nyuzi zinapokutana na kitovu, kwa sababu nyufa ndogo huanzia hapo.

Ukipata nafasi ya kuchagua kati ya nyuzi na chuma, uamuzi unategemea matumizi. Ya nyuzi ni tulivu na inafaa gari la kutembelea mjini siku za Jumapili. Ya chuma, au ya aluminiamu, ina mlio mwembamba unaopanda kadiri injini inavyokwenda kasi, lakini inastahimili mizigo na milima. Kwa pikapu inayokwenda Kondoa na kurudi, ningechukua ya chuma na kuuzoea mlio wake.

Kabla ya kufunga chochote kipya, jiulize kwa nini ya zamani ilikatika. Mara nyingi ni uzee tu, lakini sivyo kila mara. Gia hizi zinapata oili kutoka kwenye kijitundu chembamba kilicho mbele ya bloku kinachorushia meno oili. Kikiziba kwa uchafu, meno husagana makavu. Sababu nyingine ni kemshafti yenyewe kuwa nzito kuzunguka kwa sababu beringi yake mojawapo imeanza kushika. Hili la pili hupimwa kwa mkono: roka (mikono inayokandamiza valvu) zikishatolewa, kemshafti inapaswa kuzunguka kwa wepesi ukiishika kwa vidole. Ikikataa, gia mpya nayo itakatika.

Kuhusu madhara ya ndani, anza na sampu, ambayo lazima ishuke hata kama fundi atakwambia oili ikibadilishwa inatosha. Vipande vya nyuzi huenda moja kwa moja kwenye chujio la mdomo wa pampu na kulifunika, nawe utabaki na injini yenye gia mpya na isiyo na oili. Sampu ioshwe, chujio lioshwe kwa brashi na petroli hadi kila tundu lionekane, na filta ya oili itupwe. Sampu ikiwa chini, fungua kofia moja ya beringi ya konrodi na uitazame. Uso laini wa rangi ya kijivu ni habari njema, mikwaruzo inayoshika ukucha si habari njema. Pushirodi, yaani fito zinazosukuma roka, zizungushwe moja moja juu ya kioo cha meza: iliyopinda itacheza na kuacha mwanya chini yake, na maana yake ni kwamba valvu yake iligongwa au ilikwama.

Utaratibu wa kazi yenyewe ninauweka hapa ili uweze kumfuatilia fundi, au kuifanya mwenyewe kama una vifaa na subira. Chagua mahali palipofunikwa. Upepo wa Dodoma kati ya Julai na Septemba hubeba vumbi laini linalopita hata chini ya mlango, na injini iliyo wazi haina pa kujificha. Mwaga maji na oili, toa rejeta, feni na grili, kisha fungua kifuniko cha valvu na utoe shafti ya roka kabla ya kugusa kitu kingine. Sababu yake ni kwamba roka zikiondoka, valvu zote zinafunga kwa nguvu ya springi, na kuanzia hapo krenki inaweza kuzungushwa kwa mkono bila hofu ya pistoni kukutana na valvu. Pushirodi zichomekwe kwenye kipande cha boksi kilichotobolewa na kuandikwa namba. Fungua kifuniko cha ubavuni, utoe tapeti zote (vipande vinavyokaa kati ya kemshafti na pushirodi) na uzipange kwa namba vilevile, kwa kuwa kila tapeti imezoeana na jicho lake la kemshafti, yaani nundu inayoisukuma, na ikibadilishwa nafasi itakula shafti. Distributa na pampu ya petroli zitoke pia.

Nati kubwa ya puli ya krenki huwa ngumu, na puli yenyewe ivutwe kwa pula (kifaa cha kuvutia) inayoshika katikati. Ukiivuta kwa kushika ukingo utaipinda. Kifuniko cha mbele kikitoka, zungusha gia kubwa hadi matundu yake yaelekee bolti mbili zilizo nyuma yake. Bolti hizo zinashika bamba linaloizuia kemshafti isiende mbele na nyuma. Zikifunguliwa, shafti huvutwa taratibu, mkono mmoja ukiibeba kutoka chini ili macho yake yasikwaruze beringi laini inamopita. Gia ndogo hutolewa kwa pula.

Kwenye presi ndipo makosa ya kizembe hutokea. Bamba la kuzuia lazima livishwe kwenye shafti kabla ya gia mpya. Ukilisahau, gia itabidi itolewe tena, na ya nyuzi haipendi kutolewa mara mbili. Kii ikae sawasawa kwenye mfereji wake. Gia ikishaingia, pima kwa fila geji mwanya kati ya bamba na shafti: bamba lizunguke kwa uhuru bila kucheza ovyo. Mwanya huo ni mdogo sana, na kiasi chake kamili kipo kwenye kitabu cha matengenezo cha injini ya 2F, ambacho ningekushauri ukitafute hata nakala yake iliyopigwa fotokopi. Kama hakuna mwanya kabisa, bamba litashika moto. Ukizidi, kemshafti itatembea mbele na nyuma, na taimingi ya moto itatangatanga.

Wakati wa kurudisha, paka macho ya shafti na tapeti grisi nyepesi ya kuunganishia injini au oili nzito, ingiza shafti, na kabla haijafika mwisho linganisha alama. Kila gia ina nukta iliyogongwa kwenye jino au pembeni mwake, na nukta hizo mbili lazima zitazamane kwa usahihi. Kosa la jino moja tu linatosha kufanya injini iwe mvivu, ipate joto na kurudisha moto kwenye kabureta. Fundi wengi hudhani kwamba nukta zikikutana basi silinda ya kwanza iko kwenye mgandamizo na ndipo distributa inapowekwa. Usiikubali dhana hiyo bila kuipima. Nukta zikikutana, pistoni ya kwanza na ya sita zote ziko juu, lakini ni moja tu kati yake iliyo kwenye mgandamizo, nyingine inamalizia kutoa moshi. Ukikosea hapo, distributa itakuwa imegeuka nusu duara, na injini itapiga mlipuko kwenye kabureta bila kuwaka, kisha lawama zote zitaangukia gia isiyo na hatia.

Kaza bolti mbili za bamba kupitia matundu ya gia, zungusha krenki kwa mkono mizunguko kadhaa, na uhisi mchezo kati ya meno mahali tofautitofauti. Kuwepo mchezo mdogo ulio sawa kila mahali ni dalili nzuri. Mchezo unaobana upande mmoja na kulegea upande mwingine unaonyesha gia imeingia kwa kuinama. Kijitundu cha oili nacho kipulizwe hewa na kihakikishwe kinaelekea kwenye meno. Kifuniko cha mbele kifungwe na sili mpya, na bolti zake zisikazwe hadi puli imeingizwa. Puli ndiyo inayokiweka kifuniko katikati, na asiyefanya hivyo huona oili ikivuja ndani ya mwezi mmoja akidhani sili ilikuwa mbovu.

Baada ya roka kurudi na valvu kurekebishwa kwa makadirio ya baridi, weka oili mpya, kisha zungusha pampu ya oili kwa bisibisi ndefu kupitia tundu la distributa hadi uhisi uzito, ambao ni ishara kwamba oili imefika. Ndipo utafute mgandamizo wa silinda ya kwanza: toa plagi yake, ziba tundu kwa kidole gumba, na umwombe mwenzako azungushe krenki polepole hadi hewa isukume kidole, kisha utazame dirishani kwenye flaiwili. Kuna mstari unaoonyesha pistoni iko juu kabisa, na kuna kigololi kidogo cha chuma kinachoonyesha digrii 7 kabla ya hapo. Ingiza distributa kwenye alama hiyo ya pili, waya zikifuata mpangilio wa 1-5-3-6-2-4. Injini ikishapata joto lake la kawaida, valvu zipimwe tena: milimita 0.20 kwa za kuingiza na 0.35 kwa za kutoa moshi.

Katika haya yote, mambo matatu nisingependa uyafanye nyumbani. La kwanza ni kuingiza gia, kwa kuwa presi ya haidroliki haina mbadala. Peleka shafti kwenye karakana ya uchongaji au chuo cha ufundi stadi, ukiwa umeifunga kwa kitambaa, na usimame hapo wakati inabanwa. La pili ni beringi za kemshafti zikionekana kuchubuka, kwa sababu kuzibadilisha kunahitaji vifaa vya kuzivuta kwa mstari mmoja. La tatu ni krenki yenye mikwaruzo, ambayo lazima ipimwe kwa maikromita na mtu anayejua kusoma vipimo vyake.

Kwa fundi wako wa pili, usimwache. Mtu aliyeitazama rota kabla ya kukuuzia kabureta ana kichwa kizuri. Mwambie tu kwamba shafti itatoka na itakwenda presi, mpatane upya bei ya siku mbili au tatu badala ya jioni moja. Injini ikiwaka, angalia geji ya oili kabla ya kitu kingine chochote. Isipopanda ndani ya sekunde chache, zima, na ushushe tena chujio la sampu.